Faida ya Nyumba Zisizovuja

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na tano Machi, mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke kwetu. Miaka sita iliyopita nililipia nyumba moja kati ya mia mbili za kupangisha, ili kodi yake inilishe nitakaporudi. Leo mwenyekiti wa mradi amekuja huku ugenini kutusomea tathmini. Hotuba yake nimeinakili yote.

Waheshimiwa wageni waalikwa, mabalozi wa maendeleo, wawekezaji wadogo kwa wakubwa, wadau wa ngazi zote, wazee wetu tunu, mama zangu, shemeji zangu, na hata nyinyi mliokaa karibu na mlango, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.) Nimesafiri saa kumi na moja, katika daraja linalolingana na wadhifa wangu, kuwaletea tathmini ya mapato na gharama ambayo wataalamu wetu, baada ya upembuzi yakinifu, mpango mkakati na warsha nne za hotelini, wameihitimisha hivi: chukua kodi ya mwezi, zidisha kwa kumi na mbili, kisha kwa mia mbili, na hapo unapata ritani, yaani faida, ambayo ukimwonyesha mtu wa benki lazima aombe kiti. (Kicheko.) Wapo watu, sitawataja, wanaodai kwamba mwekezaji makini hutoa kwanza miezi ambayo nyumba haina mpangaji, halafu rangi, mabomba, kodi ya ardhi, na yule mpangaji anayehama na funguo. (“Si unitaje tu,” anasema muuguzi mstaafu. “Paa likivuja analipa nani, baba?”) Mama yangu, keti. (“Nimeketi.”) Basi endelea kuketi.

Ndugu wadau, natamka kwa mamlaka niliyonayo kwamba kwa miaka sita mfululizo paa letu halijavuja hata tone, hakuna choo kilichoziba, hakuna mpangaji aliyechelewesha kodi, na gharama za matengenezo zimebaki asilimia sifuri, rekodi ambayo haijafikiwa na mradi mwingine wowote, chini ya menejimenti ya nani? (Safu ya mbele: “Yako.”) Mimi ni mnyenyekevu, ila nyinyi ndio mmesema. (Fundi cherehani: “Na kodi yenyewe iko wapi, mheshimiwa? Mke wangu ananiuliza kila nikiingia ndani, na yeye hashibi makofi.” Kicheko kirefu.) Swali zuri sana. Kodi iko katika mchakato.

Kwa hiyo tuseme pamoja: Vuna leo, jenga ukijaaliwa! Nyumba kwanza, maswali baadaye!

Nikihitimisha, nawashukuru wahasibu kwa makadirio, mchoraji kwa picha hii nzuri ya ghorofa mnayoiona ukutani, na kwa namna ya pekee yule mjane mwenye shamba tulilolichagua kujengea, ambaye tangu mwanzo alikataa katakata kutuuzia hata hatua moja ya ardhi, na kwa msimamo wake huo akatuepusha gharama zote za saruji, mabati na mafundi. Asanteni kwa uvumilivu. (Hakuna makofi. Muuguzi anafunga mkoba wake. “Basi nimejibiwa,” anasema.)

Nina miaka sabini na minane, na akiba nyingine sina. Sitarudi.