Nahodha Atapitaje Bari?

Redio aliingia bila hata salamu, simu ameinua juu kama anamwonyesha malaika.

"Jamani, habari motomoto! Kuanzia mwezi huu mtu anatoka hapa Durrës mpaka Barcelona kwa tiketi moja. Moja tu! Meli, basi, meli!"

Jina lake la nyumbani ni Llambi, na alikuwa kinyozi, lakini hapa kibandani kwangu, nje ya geti la bandari hii ya Albania, anaitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Na katikati?" akauliza Profesa bila kuinua macho kutoka kwenye dhumna zake. Profesa alifundisha watoto wa shule ya msingi kukimbia na kuruka kamba, ila akivaa miwani utadhani alisomesha mawaziri.

"Katikati unasubiri. Unashuka Bari asubuhi, unakaa mpaka alasiri, basi linakuvusha Italia hadi bahari ya upande wa pili, unapanda meli nyingine. Ukija kuamka, Uhispania hiyo mbele ya pua."

Mjerumani akacheka. Huyu ni Dashamir, alikaa Ujerumani miezi minne akarudi, na tangu arudi hajawahi kusifia kitu chochote cha hapa. "Kule kwetu Ujerumani hakuna kusubiri."

"Kule kwenu walikusubiri wewe uondoke," Redio akamjibu.

Kisha wote watatu, na mimi wa nne na kijungu changu cha kahawa mkononi, tukageuka kumtazama Nahodha.

Nahodha ni Xhevahir. Kazi yake yote ilikuwa juu ya winchi pale bandarini, akiinua mizigo ya meli za kila bendera. Anaijua meli kwa honi yake, hata akiwa amelala. Kupanda, hajapanda hata moja. Ndiyo maana ya jina.

"Mnanitazama nini?" akasema.

"Kaka yako Agim anakaa wapi?" Profesa akamuuliza kama anamuuliza mtoto wa darasa la kwanza.

"Barcelona."

"Mwanawe wa mwisho anaoa lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo."

"Na alikwambiaje?"

Nahodha akazungusha kikombe chake. "Alisema nisipokwenda hii, nisimpigie tena."

Hapo hata Redio akaishusha simu yake mezani. Maana kila Jumapili Nahodha huja kumpigia kaka yake kwa simu yangu, yake haina salio miaka yote, na wakishaongea yeye hukaa akitazama bahari mpaka jioni. Hawajaonana tangu mwaka ule watu waliporukia meli kuikimbia nchi, kwenda Italia. Walipanga waruke pamoja. Agim alitangulia kwenye ngazi, Xhevahir akakimbia nyumbani kumuaga mama yao. Mama akainjika kahawa. Mtu humwachi mama yako na kahawa motoni. Aliporudi bandarini, meli ilikuwa imeshakuwa ndogo kama kiberiti.

Agim naye ana shingo ngumu. Aliapa hatakanyaga Durrës mpaka mdogo wake aje kwanza. "Mimi nilikungoja kwenye ngazi," humwambia, "sasa zamu yako."

"Panda ndege, yaishe," Mjerumani akasema.

"Ndege haina nanga," Nahodha akajibu. "Ikichoka inajishikiza wapi?"

"Basi meli hii hapa! Meli, basi, meli! Una kisingizio gani tena?"

Nahodha akatazama zile winchi kule nje. Akavuta pumzi. "Nitakwenda," akasema.

Redio akapiga meza, dhumna zikaruka. "Amesema! Bibi Sanije, umesikia? Shahidi wewe!"

"Nimesikia," nikasema.

"Na pale Bari," Nahodha akaendelea, amepata nguvu, "nitatafuta benchi zuri, nikae nile mkate wangu, nitazame meli za watu."

Laiti angenyamaza hapo.

"Benchi?" Redio akashtuka kama kachomwa na mkasi wake. "Bari kuna mpwa wangu Valbona, nyumba kubwa, sofa mbili, halafu wewe ukae kwenye benchi kama mbwa wa kituo? Unataka watu waniseme? Utapita kwa Valbona. Na kwa vile unapita, utamchukulia mtungi mmoja wa pilipili za achari. Mdogo tu."

"Mtungi wako mdogo ndio ule wa kufikia kiunoni?" nikamuuliza.

"Bibi, pilipili zinanyonya siki, zinapungua njiani."

Profesa akavua miwani. Akivua miwani ujue anataka kitu. "Binti yangu naye yuko Bari. Amejifungua. Nilikuwa nimemtengenezea mjukuu susu ya kulalia."

"Susu gani? Ile ya mbao?" Nahodha akauliza. "Ile yenye miguu ya kuyumba?"

"Mtoto wa Kialbania alale kwenye plastiki? Unaifunga mgongoni, mikono inabaki huru."

"Ikibaki huru," Mjerumani akadakia, "achukue bampa."

"Bampa!"

"La Mercedes. Mtoto wa dada yangu ni fundi pale Bari. Bampa kama lile Italia huwezi kulipata. Chuma halisi. Linaingia vizuri tu chini ya kwapa."

Nahodha aliwatazama mmoja mmoja. Kukataa hawezi. Kwetu huku mtu akikupa amana umpelekee ndugu yake, hata akikupa ng'ombe, unaweka mkono kifuani unasema itafika. Akaweka mkono kifuani.

Hata mimi nilikuwa na kopo langu la jibini kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyeko kulekule. Nilishalifunga na kitambaa. Nikalisukuma chini ya kaunta kwa mguu, taratibu.

"Haya, tupange," Profesa akasema, akachukua vijipakiti vya sukari akaviweka mezani. "Hii ni meli. Hii nyumba ya Valbona, ndiyo iliyo karibu na bandari. Hii ya binti yangu. Hii gereji. Hili ni basi. Na huyu ni Nahodha mwenyewe. Asubuhi mpaka alasiri, nyumba tatu. Rahisi."

"Rahisi wapi?" Mjerumani akasema. "Anafika kwa Valbona, anavua viatu. Kahawa. Kuna mtu aliyewahi kutoka kwenye ukoo wa Redio kwa kahawa moja?"

"Una maana gani ukoo wangu?"

"Nina maana nilikuja kwako kuazima bisibisi nikarudi nyumbani keshoye."

Nahodha mwenyewe akacheka.

"Baada ya kahawa, pombe kali, raki," Profesa akahesabu kwa vidole. "Baada ya raki wanamuuliza hali ya kila mtu aliye hai Durrës."

"Halafu waliokufa," nikasema.

"Waliokufa ndio wanachukua muda, Bibi, maana kila mmoja lazima umlilie kidogo. Halafu Valbona anasema kaa, chakula kiko tayari."

"Na kinakuwa tayari kweli?" Nahodha akauliza.

"Ndiyo kwanza anamenya kitunguu."

Kipakiti cha Nahodha kilikuwa bado kiko kwenye nyumba ya kwanza na alasiri ilishafika. Nahodha alikuwa haangalii tena mezani. "Basi litaniacha," akasema polepole. "Litaondoka, nami nina kikombe mkononi. Kama ile meli."

Nikaweka kijungu changu chini.

"Mtu mmoja atoe mzigo wake," nikawaambia. "Au wote mtoe."

"Sawa kabisa, Bibi," Redio akasema. "Profesa, toa susu."

"Susu ni ya mtoto mchanga! Toa bampa."

"Bampa ni chuma, halisemi na mtu, halinywi kahawa. Gereji anafika, analitupa, anaondoka. Zitoke pilipili."

"Pilipili zitoke? Valbona nimeshampigia simu! Ameshafua mapazia!"

Walibishana mpaka kahawa ikapoa, kisha wakabishana nani alipie ile kahawa iliyopoa, kila mmoja akimsukuma mwenzake mkono. Mzigo hata mmoja haukutoka.

Walipotawanyika, Nahodha alibaki kitini. "Bibi Sanije," akasema, "labda nimwambie Agim kwamba mgongo unaniuma."

"Mwambie ukifika kwake," nikamjibu. "Atakukanda."

Siku ya safari walimsindikiza Nahodha mpaka hapa kwangu, geti la bandari liko hatua chache tu. Mtu wangu alikuwa na susu mgongoni, bampa kwapani, mtungi wa pilipili kifuani ameukumbatia kama mtoto. Sanduku lake mwenyewe, lenye suti ya harusi, alilisukuma kwa goti. Askari wa geti akamtazama juu mpaka chini.

"Mzee, unahama?"

"Nakwenda harusini."

"Bibi harusi ni huyo wa kwenye mtungi?"

Wakacheka mpaka Redio akashika ukuta. Meli ikapiga honi ya kwanza. Nahodha akaijua, akageuza shingo kuitazama.

"Bado ya pili na ya tatu," Redio akasema, tayari amevuta kiti. "Muda upo. Tunywe moja ya kuagana. Bibi, injika!"

"Moja tu," Profesa akasema akikaa.

"Za kuagana huwa mbili," Mjerumani akasema akikaa.

Nahodha naye, na ile susu mgongoni, akaanza kuinama apate kukaa.

"Kahawa imeisha," nikasema.

Wakanigeukia kama nimetukana. Tangu nifungue kibanda hiki hakijawahi kuishiwa kahawa, hata mwaka ule wa njaa. Kopo lilikuwa nyuma yangu, limejaa mpaka mdomoni. Nikajisogeza nikalifunika na mgongo wangu, na mgongo wangu si mdogo.

"Imeisha kabisa?" Nahodha akauliza, anatazama kiti.

"Hata ya kupaka kwenye kikombe hakuna. Nenda, mwanangu."

Akaenda. Susu ikiyumba mgongoni, kulia, kushoto, mpaka ikapotea getini.

Kesho yake wote watatu walikuwa hapa asubuhi na mapema, simu yangu katikati ya meza. Asubuhi ikapita kimya. Adhuhuri ikapita. Profesa alikuwa anasogeza kile kipakiti cha Nahodha mbele na nyuma, hajui akiweke wapi. Alasiri hiyo inaingia, ndipo simu ikalia, namba ya nyumbani kwa Valbona. Redio akaweka sauti kubwa.

"Nahodha! Uko nyumba ya ngapi?"

"Ya kwanza," ikajibu sauti, ndogo kweli.

"Ya kwanza! Saa hizi?"

"Tuko kwenye waliokufa."

Mjerumani akajishika kichwa. "Ondoka! Simama uondoke!"

"Siwezi. Valbona amenifichia viatu."

"Hiyo ndiyo damu yangu," Redio akasema, na akajiona anajivuna, akainamisha uso. "Mpe simu, nimwambie."

"Yuko jikoni. Anamenya kitunguu." Kisha sauti ya Nahodha ikabadilika. "Jamani, mpigieni Agim nyinyi. Mwambieni nilijaribu. Safari hii nilifika mpaka ng'ambo, mwambieni hivyo."

Nilisikia nyuma yake kengele ya mlango, miguu ya Valbona, mlango kufunguliwa. Halafu kitu kikaanguka, nadhani kikombe. Profesa akasogeza sikio mpaka likagusa simu.

"Umenenepa," tukasikia Nahodha anasema.

"Na wewe umezeeka," ikajibu sauti nyingine, nzito, tunayoijua ya kila Jumapili. "Simama. Basi linaondoka."

"Agim!" Redio akapiga kelele. "Agim, wewe ndiye? Si uliapa?"

"Niliapa kutokanyaga Durrës," simu ikajibu. "Bari sikuapa. Harusi nimemwachia mke wangu, nimepanda meli kuja kumtoa huyu. Mkono huu nimeshika shati lake, huu viatu vyake. Valbona, binti yangu, asante, hapana, sinywi. Sinywi! Kahawa ilishatugharimu nusu ya maisha, haitugharimu alasiri hii."

"Lakini Agim, umejuaje nyumba?"

"Niliambiwa nianzie kwa mpwa wa Redio. Kwamba akifika pale, nyumba ya pili hataiona."

Wote watatu wakanigeukia. Mimi nilikuwa nafuta vikombe.

"Na bampa?" Mjerumani akauliza kwenye simu, sauti ya upole.

"Bampa na susu viko hapa kwa Valbona, wenyewe waje wachukue!" Tukasikia mlango, ngazi, watu wawili wanashuka wakibishana nani abebe sanduku. Kisha simu ikakatika.

Tulikaa. Profesa alichukua kile kipakiti cha sukari, akakipeleka moja kwa moja mpaka mwisho wa meza, akakiacha hapo, akavaa miwani yake, akaivua tena akaifuta.

"Sasa," akasema baadaye, "Xhevahir si ameshakwenda kwanza? Basi kiapo cha Agim kimekwisha. Wakirudi, wanarudi wawili."

"Wawili," Mjerumani akasema, macho yanaanza kung'aa. "Mikono minne. Na wanapita Bari. Fundi alikuwa na injini moja ya zamani anataka kunitumia..."

"Binti yangu ana friji haitumii," Profesa akasema.

"Valbona lazima arudishe mtungi," Redio akasema, "na mtungi haurudi mtupu, ni aibu."

Nikaona hawa wamepona. Nikageuka, nikainjika kijungu motoni.

"Bibi Sanije! Si ulisema kahawa imeisha?"

"Imepatikana," nikasema.