Mjomba wa Jemadari wa Wadrezi

Jumatatu, 5 Januari

Kaka Stambuli wa mtaani kwetu amepata kazi kiwandani. Kwa hiyo anatafuta mtu wa kukaa mchana kwenye kibanda chake cha gemu, hapa hapa Kihonda. Mtu huyo ni mimi. Yeye bado hajajua.

Nisipopata shughuli hadi Jumapili, Mama ananipeleka Matombo kwa mjomba Hatibu, nikamenye mdalasini mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke. Mjomba nampenda. Tatizo ni njia ya kwenda kuchota maji: watu ishirini, kila mmoja umwamkie, na kila mmoja akuulize habari za nyumba nzima. Ukifika mtoni sauti imekwisha.

Mtu mwingine angemwambia tu Stambuli kwamba anaitaka kazi. Mimi nina mpango bora. Kila siku nauza barafu za ukwaju za Mama mlangoni pale, na hakuna anayewajua Wadrezi kama mimi. Stambuli akiligundua hilo, ataniomba mwenyewe.

Wadrezi ni viumbe wa sayari nyingine, maadui wa wanadamu katika gemu zote tano za mfululizo huo. Macho manne, ngozi ya rangi ya biringanya. Hushuka, hukausha mito, hupiga risasi. Watu nao huwapiga. Gemu tano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza wanataka nini. Daftari langu juu yao limefika ukurasa wa thelathini na moja.

Jumanne, 6 Januari

Stambuli amekwama wiki ya tatu kwenye gemu ya tano. Anamuua Jemadari wa Wadrezi, Jemadari anainuka tena. Anamuua, anainuka.

Leo nimeona jambo. Ndani ya gemu, ukutani upande wa kushoto, ameketi Mdrezi mzee asiye na silaha. Askari wakipita mbele yake hupunguza mwendo. Jemadari naye, kabla ya kupiga risasi, humgeuzia shingo kidogo. Wachezaji hawalioni hilo kwa sababu wanatazama bunduki. Mzee yule ni nani?

Nilikuwa nikiandika, nikampa mteja barafu mbili badala ya moja. Irene, jirani yetu, alikuwa amekaa ndani kwenye kiti kizuri akimchekesha Stambuli. Alisema ukimya wangu unafaa kugandisha barafu bila friji. Stambuli alicheka sana. Sikuandika hilo kwenye daftari la Wadrezi.

Jumatano, 7 Januari

Nimempata!

Asubuhi Baba alieleza kwa muda mrefu kwa nini harusi ya dada iwe Machi. Alisimama kabisa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia simu mjomba Hatibu. Mjomba akakohoa, akasema Juni. Ikawa Juni. Baba akaketi akaomba chai.

Nikaacha kikombe mezani. Sisi Waluguru tunajua: mwenye sauti si lazima awe mwenye neno. Neno liko kwa kaka yake mama. Mzee wa ukutani ni mjomba wa Jemadari! Ndiyo maana Jemadari hafi. Mjomba hajaruhusu.

Na mjomba hapigwi risasi. Mjomba huamkiwa. Kuna kitufe cha kupiga magoti ambacho watu hukitumia kujificha tu.

Nikaandika barua: “Mwache Jemadari. Nenda kwa mzee wa kushoto. Weka silaha chini, piga magoti.” Sikuweka jina, nisionekane najisifu. Nikaibana chini ya runinga.

Stambuli aliisoma mara mbili, akauliza nani kaandika. Mimi nilitazama bati la paa. Irene alisema huo ni mwandiko wa mganga.

Alhamisi, 8 Januari

Balaa. Stambuli anasema ushauri wa barua ataujaribu Jumamosi, mbele ya wageni. Mwanafunzi mmoja wa chuo pale Mazimbu, anaitwa Frank, anakuja kushindana naye: nani atamlaza Jemadari moja kwa moja. Mbele ya watu wote! Bila kujaribu kwanza!

Nikapanga sentensi: “Kaka, ijaribu kwanza ukiwa peke yako.” Maneno sita. Niliyarudia njia nzima. Nikafika mbele yake, nikafungua mdomo, ikatoka “Shikamoo.”

Stambuli ana miaka ishirini na sita. Aliitikia marahaba polepole, kisha akageuka kuangalia kama kuna mzee nyuma yake.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua. Milima haionekani. Sikuuza, sikusema.

Jumamosi, 10 Januari

Kibanda kilijaa. Stambuli akatembea hadi kwa mzee, akaweka bunduki chini, akapiga magoti. Mzee akainua kichwa. Akafungua macho yote manne. Akasimama! Wiki tatu hakuna aliyejua kwamba anatembea. Nikaanza kuchora miguu yake.

Mzee akaokota bunduki ya Stambuli, akampiga nayo.

Kumbe hakuwa mtu wa amani. Alikuwa hajapewa tu silaha.

Frank alicheka hadi barafu ikamdondoka. Irene aliuliza, “Kaka Stambuli, na kiti hukumkaribisha?”

Zamu ya Frank. Naye si mjinga. Kwa kuwa sasa ameona mzee ana uhai, alimpiga yeye kwanza, kisha Jemadari. Jemadari akaanguka. Tukasubiri. Hakuinuka.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi kabisa, na tumeshindwa.

Stambuli akaitoa barua mfukoni, akauliza tena nani aliyeiandika, maana aliyeiandika ana jicho la ajabu. Mkono wangu ulianza kupanda wenyewe. Ulipofika begani nikajikuna.

Jumapili, 11 Januari

Stambuli alipita nyumbani mchana kufuata barafu. Mama akamuuliza kazi kampa nani. Akasema Irene, anaanza kesho. Irene alimwomba Jumatatu ile ile, kabla hata hajamaliza kutangaza. Hakuna mwingine aliyemwomba.

Mama akasema, “Mbona huyu wangu aliitaka?”

Stambuli akanitazama kama mzee wa ukutani alivyomtazama yeye. “Mwanvita, we uliitaka? Mbona hukusema, dada'ngu?” Akaongeza kuwa kibanda bado kinahitaji mtu wa Jumamosi na Jumapili. Niseme tu. Hata sasa hivi.

Akasubiri. Mama akasubiri. Mimi nilitazama ndoo ya barafu, nikagundua ufa mdogo karibu na mpini.

Akaaga. Mama akaniambia basi mwanangu, Matombo.

Nimefikiri jioni yote na nimepata njia. Kusema “nataka” kungekuwa papara. Nikiondoka, Stambuli atauona mlango hauna mtu, atajiuliza, na mwisho atajua mwenyewe kwamba nilikuwa naitaka. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, la pili saa nne. Nimemwomba Mama tupande la kwanza, ili aanze kunikosa mapema.