Karoti Zilizopaa Darini

Njooni, enyi mlioacha chungu motoni na ninyi mliokisahau, msikie habari ya Mama Kibonge, simba jike wa darasa la jioni, mwenye kalamu mkono wa kulia na mtoto mkono wa kushoto, jinsi alivyoliteka shimo jeusi pasipo kutoka jikoni!

Jioni hiyo ilikuwa zamu yake kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini baadhi ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, hurusha michirizi ya moto kutoka kitovuni. Lakini mlangoni pa jikoni ilisimama ngome isiyowahi kubomolewa: mama mkwe, mlezi pekee wa mtoto Kibonge, kakunja mikono.

"Leo simshiki mtoto," ngome ikanguruma, "mpaka uniambie huko unasoma nini."

"Shimo jeusi, mama. Linameza kila kitu, hata mwanga."

"Kama baba mkwe wako. Halafu?"

"Halafu vinavyozunguka mlangoni pake, vingine havimezwi, vinarushwa mbali mno. Huenda ni kwa kuwa shimo lenyewe linazunguka kasi."

"Huenda?" Sufuria zilitetemeka kwa kicheko. "Mwanangu, niachiwe mtoto anayeota meno kwa ajili ya huenda?"

Shujaa akageuka kutazama. Nyuma yao karoti za Kibonge zilikuwa zikijizungusha kivivu katika blenda, kasi namba moja, kama mama mkwe alivyoamuru tangu enzi na enzi; na kizibo cha kifuniko kimetolewa, "ili mashine ipumue." Shujaa akaiona silaha yake.

"Mama, karoti zimetulia?"

"Zimetulia."

"Tia namba tatu."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Mimi nimebeba mtoto."

Mkono uliozeeka kwenye namba moja ukathubutu. Blenda ikanguruma, na kupitia kitundu cha kifuniko mkuki wa rangi ya chungwa ukapaa wima, ukaichoma dari, ukarudi kama mvua juu ya himaya yote ya jikoni. Kibonge akapiga makofi.

Mama mkwe akazima. Akajipangusa paji la uso, akalamba kidole.

"Na huko juu anasafisha nani?"

"Huko hakuna dari, mama. Na huu ni mfano tu, huenda..."

"Huenda nini, na mimi nimelowa? Lete mtoto. Wahi darasa!"

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: shujaa alivuka kizingiti, karoti nyweleni, wala hakuchelewa. Doa la darini halijafutwa hadi leo, na mgeni akiuliza ni nini, mama mkwe hujibu bila kuinua macho: "Galaksi."