Gurudumu Lililompita Mama Mkwe

Habari ililetwa na Redio, kinyozi wa jirani, ambaye alikuwa amemwacha mteja kitini na nusu kichwa ili mtu mwingine asimtangulie kuitangaza.

"Mmesikia? Gurudumu limempita mwenyewe!"

"Limempita nani?" aliuliza Mama Birika huku akimimina kahawa.

"Dereva wake! Yule mama wa mayai, mwenye pikipiki ya magurudumu manne, ile aliyoshinda kwenye bahati nasibu ya duka la rangi. Anashuka zake barabara ya soko, kidogo anaona gurudumu linampita kushoto. Akalipisha, mtu mstaarabu. Akasema moyoni, hawa vijana wa siku hizi hawafungi vitu vyao. Kugeuka nyuma, kumbe ni lake!"

Benchi zima likaangua kicheko. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu mbele ya duka la matairi, na waliokaa pale kila siku walijua kila msumari wake. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni fundi waliyemwita Dakika Mbili, kwa sababu kwa kila kazi, hata ya kushusha injini, humwambia mteja asubiri dakika mbili. Kahawa ilimpalia. Mama wa mayai alikuwa mama mkwe wake, hilo walilijua wote. Wasilolijua ni kwamba gurudumu lile alilikaza yeye, Jumapili iliyopita, nyumbani kwa wakwe.

"Redio, uongo mwingine uwe unauchemsha kwanza," alisema Mheshimiwa. Huyu aligombea uenyekiti wa soko mara nne, akashindwa mara nne, na tangu hapo huzungumza na watu watatu kana kwamba wapo elfu tatu. "La nyuma haliwezi kulipita la mbele. Kuna itifaki."

"Itifaki unaiegemea tangu asubuhi," Redio akamjibu.

Mheshimiwa akageuka. Kweli, kile alichokuwa amekiegemezea mgongo tangu saa tatu kilikuwa gurudumu pana la mpira mnene, likiwa bado na habu yake, kile kikombe cha chuma kinachoshika rimu kwenye ekseli. Akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Ehee!" Mama Birika akapiga paja. "Limekuja lenyewe saa tatu, taratibu, likaegemea ukuta. Nikadhani mteja wa matairi. Nilikaribia kulimiminia."

"Limetoroka," Redio akasema. "Ni husuda hiyo. Mama wa watu kashinda pikipiki ya mashindano kwa kununua kopo moja la rangi, mnadhani majirani wanalala?"

"Si husuda," Mheshimiwa akapinga kwa kidole. "Ni malalamiko ya muda mrefu. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma, la mbele kazi yake kugeukageuka tu na kuonekana. Wananchi wa nyuma wamechoka!"

"Hapo nakuunga mkono," alisema Mama Birika. "Hata mimi ningeondoka. Tena bila kuaga."

"Naomba iundwe tume."

"Tume ya nini, Mheshimiwa? Kuna fundi hapa ana macho." Redio akamgeukia Dakika Mbili. "Tena mkwe mwenyewe. Hebu tuambie bwana, gurudumu linatokaje?"

Dakika Mbili akafuta mdomo. "Linaweza kutoka... kwa sababu nyingi."

"Taja moja."

"Barabara."

"Barabara!" Redio akashika kichwa. "Barabara imebeba spana? Kuna fundi hapo, tena fundi wa hovyo, na nitamjua kabla jua halijazama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bahati yake mama hakuumia, hata kwenye trei nne za mayai hakuna lililopasuka. Tena anakuja hapa kulichukua, alirudishe aendelee na safari. Hoteli ya bondeni inayasubiri mayai saa nane, kwa hiyo anashuka mteremko wa machimbo."

Mteremko wa machimbo! Dakika Mbili akaweka kikombe chini. Chini ya mteremko ule kuna shimo la kokoto lililojaa maji, na mwaka jana lilimeza lori zima, likabakisha kofia ya utingo. Gurudumu la kushoto limeshatoka. La kulia lilikuwa bado mahali pake, na jinsi alivyolikaza alijua yeye na Mungu wake.

Kabla hajameza mate, mama mkwe akatokea kwenye kona. Hakuwa anatembea. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, helmeti kichwani, mayai nyuma, na wapagazi wanne wa sokoni wameinua upande wa kushoto wanatweta. Walimwomba ashuke tangu sokoni, akawajibu kwamba ameshapanda.

"Hamjambo wanangu?"

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Nasikia mgeni wangu yupo hapa." Akaliona gurudumu, kisha akamwona mkwe wake anayejificha nyuma ya birika. "Eh, na wewe upo, baba?"

"Nipo mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mheshimiwa akasimama, akakohoa kama anayefungua kikao. "Mama, kwa niaba ya wananchi, tunaomba jina la fundi aliyekaza gurudumu hili. Tumfukuze mjini leo leo."

"Na kichwa nimnyoe bure," akaongeza Redio. "Kwa wembe butu."

Mama mkwe hakumtazama mtu. Alijipangusa vumbi magotini polepole.

"Jina hamlipati. Aliyelikaza ana adabu kuliko ninyi nyote mkijumlishwa. Alilikaza vizuri, barabara ndiyo iliyolegea. Rudisheni tu hili nisichelewe. La kulia sina wasiwasi nalo, kalikaza mtu huyo huyo."

Neno hilo lilimmaliza Dakika Mbili. Kama angemtukana mbele za watu, angevumilia. Lakini mama wa watu alikuwa anamfunika shuka huku mwenyewe akielekea shimoni.

"Mama, usishuke mteremko," alisema akitazama ardhi. "Fundi ni mimi. Na la kulia limelegea pia. Nilililegeza mwenyewe."

Mpagazi mmoja akasahau kushikilia, pikipiki ikainama, mayai yakalia.

"Ulililegeza?" Redio hakuamini. "Kwa makusudi?"

"Nisikilizeni. Nati ile ina mapengo juu, na ekseli ina tundu. Pini inapita kwenye pengo na tundu, ndiyo inazuia nati isijifungue. Nikakaza, pengo likapishana na tundu. Hapo kanuni ni moja, unasonga mbele mpaka pengo linalofuata. Harudi mtu nyuma. Mimi nikarudi nyuma robo mzunguko, pini ikaingia."

"Kwa nini?" aliuliza mama mkwe.

Dakika Mbili akatafuta pa kuweka mikono. "Kusonga mbele kulitaka nguvu, mama. Niiname, nijibinue. Na wewe ulikuwa umekaa barazani, nyuma yangu kabisa. Sasa nikupe mgongo, mama mkwe? Na suruali ile ya kazini, mshono wake wa nyuma unaujua... samahani, huujui, na ndicho nilichokuwa nakilinda. Nikakaza nikiwa nimekutazama wewe, mkono nyuma, kama mtu anayejikuna."

Mama Birika akaweka birika chini ili acheke kwa nafasi.

"Na pini?" Redio akambana.

"Ile ile ya zamani, imeshakunjwa mara tatu. Mpya ilikuwa kwenye sanduku chini. Ningeinama tena."

"La kulia nalo lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu. Lilikuwa limekaza vizuri. Nikaona si vizuri moja likaze zaidi ya mwenzake, nikalilegeza yalingane."

"Usawa!" Mheshimiwa akapiga kelele kabla hajajizuia. "Huyu tumpe fomu ya kugombea."

Lakini mama mkwe hakucheka. Alivua helmeti, na kwa mara ya kwanza tangu sokoni akashuka. Alimsogelea mkwe wake mpaka Dakika Mbili akaviona viatu vyake.

"Adabu yako ingenizika, mwanangu. Halafu ungekuja msibani, ukakaa nyuma kabisa kwa heshima." "Lete spana. Inama. Leo nipe mgongo. Ninyi wengine tazameni ukutani."

Wote wakatazama ukuta. Dakika Mbili akainama, na mshono ukafanya alichokuwa akikiogopa, lakini hakusimama. Akaipangusa ekseli, akayapapasa kwa kidole meno ya ndani ya habu yanayoshika ekseli, akayakuta hayajalika. Akapaka grisi, akasukuma habu mpaka mwisho, akaweka washa, ile pete bapa inayokaliwa na nati, akakaza nati mpya. Pengo likapishana tena na tundu. Akasonga mbele. Akaingiza pini mpya, akaikunja miguu huku na huku. Akahamia kulia, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, likajibu klo, klo, na watu wote wakalisikia hata kwa kisogo. Akalifanyia hivyo hivyo, wapagazi wawili wakiwa wamekalia pikipiki isisogee. Alipolitikisa tena, halikujibu.

"Tayari, mama," alisema akitweta, koti la Mheshimiwa limefungwa kiunoni. "Hilo sasa hata trekta halilitoi. Panda."

"Hapana," alisema mama mkwe. Akamkabidhi helmeti. "Panda wewe. Shuka mteremko mpaka chini, panda nao mpaka juu. Ukirudi, nitapanda."

Dakika Mbili aliishika helmeti. Akatazama upande wa machimbo, akatazama kiti, kisha akatazama nati ya kushoto kwa muda mrefu.

"Mama, naomba nirudie kidogo."

Akachomoa pini zote mbili. Akaazima bomba refu la chuma dukani, akalivika kwenye spana, akaning'inia mzimamzima mpaka miguu ikaacha ardhi. Nati ikalia, ikaenda pengo zima. Akahamia kulia, akaning'inia tena, nayo ikaenda pengo zima, ndipo akarudisha pini.

Mama mkwe akaitazama nati, akamtazama mkwe.

"Kumbe nafasi ilikuwepo," alisema.