Anayeita Mlangoni Asiitikiwe

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Shule zimefungwa. Stacy, binti yangu wa miaka tisa, ameshinda tena kwa jirani yetu Tayebali, akitazama video na binti yake, Naqiya. Amerudi akisema Mjomba Tayebali anachekesha. Mjomba! Muuza misumari huyo. Nikamuuliza, na mimi je? Akafikiri. Alifikiri muda mrefu mno.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata dawa. Kwa mtandaza vitabu karibu na Posta nimenunua hadithi ya Kiingereza, ya watoto lakini ya kutisha. Jalada jeusi, mlango, mkono mrefu umeshika komeo. Mpango: namsomea Stacy, anaogopa, ananing'ang'ania, video anaisahau. Muuzaji aliuliza kama mtoto ana moyo mgumu. Nikamwambia kaurithi kwa babake.

Jumatano, 7 Agosti
Tumeanza baada ya chai ya alasiri. Mna kiumbe humo, hakina uso. Kinasimama mlangoni na kumwita mtu kwa jina lake, kwa sauti ya jamaa yake. Ukiitika tu, sauti yako imekwenda, umekuwa bubu. Nilisoma nikifasiri, nikiikoromesha sauti. Sura ya pili nikaanza kufunua harakaharaka. Stacy akataka kujua kwa nini nimeruka ukurasa. Nikasema umechapishwa vibaya. Akausoma mwenyewe, huku anatafuna kachiri za muhogo.

Alhamisi, 8 Agosti
Kazini, kwenye ghala la Mbaraki, msimamizi wangu Kasyoka aliniita akiwa nyuma ya magunia. Simwoni, siitiki. Akaita tena, nikatokea mlango wa pili. Baadaye akasema kama masikio yananiuma niende hospitali. Nimekubali yananiuma. Nyumbani Stacy ametaka sura ya tano. Nikamwambia utamu haumalizwi upesi. Kumbe yeye yuko ya nane.

Ijumaa, 9 Agosti
Leo nimeadhirika.

Saa kumi na mbili na nusu stima zikapotea mtaa mzima. Stacy yuko kwa Tayebali, mke wangu Kanze yuko sokoni. Nikatia komeo. Usalama tu. Mara hodi, na sauti ya Kanze ikimwambia Baba Stacy afungue. Sauti yake kabisa! Basi si ndivyo kitabu kinavyosema? Nikanyamaza. Hodi ya pili, ya tatu, nikazidi kunyamaza. Hatimaye sauti ikaita Lennox Kazungu. Majina yote mawili. Sasa, tangu Stacy azaliwe Kanze hajanitaja jina, hata siku niliyounguza pazia lake. Mimi ni Baba Stacy, basi. Hapo nikajua si yeye. Nikaingia chini ya kitanda.

Roshani yetu imepakana na ya Tayebali. Akavuka na tochi, akafungulia watu mlango, akafuata miguu yangu iliyobaki nje. Mtu wa adabu, Mungu anajua. Aliinama, akaniuliza habari za jioni, za kazi, za nyumbani. Nikajibu zote njema, nikiwa chini kulekule. Nyuma yake Kanze na kikapu cha samaki, baada ya kungoja nusu saa ngazini. Alisema jina langu lilimtoka kwa hasira, na kwamba ana mengine. Naqiya alicheka hadi akakaa sakafuni.

Stacy hakucheka. Aliwaambia tulikuwa tunaigiza kitabu, na zamu ya kujificha ilikuwa yangu. Mtoto wangu amesema uongo kwa ajili yangu. Niliona haya, na nilifurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 10 Agosti
Stacy hakwenda kwenye video. Amekaa nami tangu chai mpaka magharibi, akinisomea yeye. Ameushika mkono wangu. Kuna pahali aliruka kurasa mbili. Nilipouliza, akasema zimechapishwa vibaya.

Jumapili, 11 Agosti
Mpango umefaulu, vilevile nilivyoupanga! Tayebali na video yake, shauri yake. Baada ya kanisa nimepita kwa yule muuzaji, nikachukua kitabu cha pili. Muuzaji anasema hiki ndicho chenyewe, kile cha kwanza kilikuwa cha kubembelezea. Nimekwisha soma sura moja peke yangu, ili nimlinde mtoto.

Sasa kuna mtu anabisha. Anasema yeye ni Tayebali, amekuja kuichukua tochi yake aliyotuachia Ijumaa. Na aseme.