Posa Juu ya Chimborazo

Jumanne, 4 Novemba

Nimekataliwa tena! Mara ya pili. Nilipiga magoti kwa Taita Melchor, babake Nelva, na beseni la viazi na simbilisi wa kuchoma, kama desturi inavyotaka. Mzee akaanza kuhutubia. Uvivu wangu. Shamba la marehemu babu. Kondoo waliopotea mikononi mwangu. Nilimkatiza kila mara nijitetee, ni haki yangu. Shangazi Targelia, mshenga wangu, alisinzia. Jibu: hapana.

Mzee kasema posa ya tatu ndiyo ya mwisho. Na Kleber anangoja zamu yake. Kleber, mwenye pikapu nyekundu na jino la dhahabu! Nelva wangu na lile jino? Sili, silali.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata! Kinachoniponza ni pumzi ya mzee. Hapa kijijini San Juan anayo tele. Lakini kule juu ya mlima Chimborazo, kwenye kibanda cha wapandaji, hewa ni nyembamba, hata watalii wenye vifua vya ng'ombe huhema tu. Nitampigia magoti huko huko. Atabaki kuitikia kwa kichwa.

Kila mwaka baada ya Siku ya Wafu mzee hupanda kumsalimia Taita Chimborazo, baba yetu sote. Nimejitolea kumsindikiza. Alikubali kwa hotuba fupi, chungu kizima cha viazi kikaiva akiwa hajamaliza.

Imebaki usafiri tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ni Kleber pekee mwenye gari. Aibu gani hii! Nikamwambia ni safari ya ibada. Akalitazama beseni, akauliza hao simbilisi wanakwenda kumwabudu nani. Kisha akacheka: "Twende, bwana harusi. Nataka nikuone ukitimuliwa penye mandhari nzuri."

Kapanga viti mwenyewe. Mzee na Nelva mbele pamoja naye. Mimi, shangazi na beseni nyuma, tupigwe na upepo.

Jumapili, 9 Novemba

Mlima ulikuwa umejifunika mawingu gubigubi. Shangazi akasema Taita hataki wageni, turudi. Nikamwambia Taita kalala tu. Tulipofika mwisho wa barabara, Kleber akakimbilia nyuma ya jiwe kutapika. Raha iliyoje! Nilicheka hadi nikaona nyota mchana.

Nikabeba beseni kupanda. Nilipokaa kupumzika, mbweha akaja taratibu, akachagua simbilisi mnene kuliko wote, akaondoka bila haraka. Sikuwa na nguvu hata ya kumtukana.

Kibandani nilipiga magoti. Kusema kweli, magoti yalijipiga yenyewe. Nikafungua kinywa. Ikatoka "Tai..." basi. Nikajaribu tena. "Ne..."

Kumbe mzee alikulia huku, akishusha barafu na babake! Akavuta hewa, akaanza. Uvivu wangu. Shamba. Nikataka kujitetea, sauti hakuna. Akafika kwenye kondoo, nikabaki kutumbua macho tu. Nelva alijifunika uso kwa shali, mabega yakitikisika. Nikajua nimekwisha. Nimempoteza.

Ghafla mzee akanyamaza. Akasema mara zote mbili alikuwa anaelekea kwenye ndiyo, nami nikamdakia. "Leo umeniacha nifike mwisho, kijana. Mchukue."

Nililia. Nelva alinifuta machozi kwa shali yake huku akicheka. Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Kleber alituendesha kurudi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango wangu umefanya kazi barabara! Hewa nyembamba, jibu fupi. Mimi ni mtu hatari.

Jioni mzee alikuja na shangazi kupanga harusi. Akaanza kuhutubia kuhusu wageni. Nikamkatiza, maana sikuweza kuvumilia kumficha baba mkwe akili zangu. Nikamweleza mbinu yote tangu mwanzo. Pumzi yake, kibanda, kila kitu. Nikangoja anisifu.

Akavaa kofia yake akaondoka. Hotuba hakuna!

Shangazi amejishika kichwa. Nelva amepita dirishani, akasema amembembeleza babake anipe nafasi moja tena, nirudi Jumapili na beseni jipya na mdomo uliofungwa. Mdomo! Maskini, haelewi mambo ya kitaalamu. Kosa ni la mlima, Chimborazo ni mfupi mno kwa mzee yule. Nasikia Peru kuna mirefu zaidi.

Kesho asubuhi naenda kumwona Kleber kuhusu pikapu.