Biskuti za Kupalia Makaa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mke wangu Balbina kaondoka alfajiri kwenda shambani Mofu kuamia ndege, wasitumalizie mpunga. Atarudi Jumamosi. Kaniachia watoto wawili na onyo: nikishindwa kuwalea siku hizi chache, msimu ujao wanahamia kwa mama yake, kule Kiberege. Nishindwe? Mimi, Evodius, niliyepika wali wa misiba mtaa mzima? Namshukuru Mungu kwa kunipa nafasi ya kuonyesha uwezo.

Jioni, pigo! Rosemery, mdogo, kauonja ugali wangu, kachukua kanga ya mama yake, kasema anakwenda kulala kwa jirani, Mama Kudra. Festo kamfuata dada yake bila hata kuaga. Kisa? Mama Kudra anaoka biskuti. Nyekundu, kijani, njano. Nimelala peke yangu na ugali.

Jumatano, 14 Mei

Watoto wanakuja hapa kubadili sare tu, kama wapangaji. Balbina akiwakuta kwa jirani, nimekwisha. Nimeamua: dawa ya moto ni moto. Nitaoka biskuti za rangi, na watoto wangu, kwenye jiko langu.

Nikaenda dukani kwa Mama Kudra huyohuyo. Nikaomba unga wa ngano, siagi na rangi za chakula. Nikamwambia nina mgeni. Mgeni gani, akauliza. Nikasema wa kutoka Dodoma, hata sisi hatumjui vizuri. Kacheka sana. Kaniongezea mayai bure, katoa na oveni yake niazime, akataka na kunielekeza. Oveni nimekataa. Maelekezo nimekataa. Mayai nimechukua. Mungu ambariki, ingawa ni adui.

Ijumaa, 16 Mei

Jana tulijaribu rangi, mimi na watoto. Walibaki! Walilala hapa! Leo mwalimu kamrudisha Festo nyumbani, kasema viganja vimekuwa vya njano, nimpeleke akapimwe ini. Nikamwosha kwa sabuni na mchanga. Njano iko palepale. Ini zima.

Jumamosi, 17 Mei

Tumekanda asubuhi. Rosemery kafinyanga samaki wa kijani. Festo kafinyanga ng'ombe mwekundu mwenye miguu mitano. Wa tano ni mkia, kasema. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Miaka yote hii sijawahi kukaa nao chini hivi. Asante, Mama Kudra, kwa uadui wako.

Yeye akachungulia juu ya ua, akauliza kama kweli nitaokea ndani ya sufuria, tena kwa makaa yote yale. Nikamwambia asihofu. Biskuti ni nini? Ni wali tu, ila umekauka! Nikazipanga, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Mengi, kama ya wali wa msiba. Nikasubiri harufu.

Harufu ikaja. Lo! Kufunua, majivu yakaingia. Samaki na ng'ombe wameyeyuka, wameshikana, wamegandia chini. Rosemery akaangua kilio, akaulizia ile kanga ya kwenda kulalia kwa jirani. Na hapohapo, pikipiki mlangoni. Balbina! Kiberege niliiona kwa macho.

Ndipo Festo akapuliza majivu, akakwangua kwa mwiko, akaonja. Akatangaza kwamba huu ni ukoko! Kilio kikakatika. Nani asiyejua watoto wa Ifakara na ukoko? Balbina kaingia kakuta vichwa viwili ndani ya sufuria moja, wanagombea. Rosemery kamwambia leo halali kwa jirani, ukoko wa baba haujaisha.

Balbina kamega kipande chenye rangi zote tatu. Katafuna. Kanitazama. Kasema basi, Kiberege hawaendi, wabaki na baba yao. Nikatoka uani kuzima makaa, machozi yananitiririka. Nimewaambia ni moshi.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani nimeshukuru kwa yote: mpunga, mke, watoto, ukoko. Nimemshukuru hata Mama Kudra, aliyetuma sahani kuomba kipande. Amesalimu amri!

Baada ya misa mzee Theodori akalalamika kwamba binti yake anapata kipaimara Jumapili ijayo na hawajapata mtu wa keki. Nikamwambia amempata. Ya ghorofa tatu. Mama Kudra kasikia, kaja mbio na oveni yake. Nimeikataa kwa heshima zote.

Balbina anauliza kama najua kuoka keki. Keki ni nini? Ni wali tu, ila una mayai! Makaa nimeshanunua, gunia zima.